Mashine tatu za kujazia risasi, na ile iliyobaki mezani

Fataki, yaani kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha risasi, ikishalipuka ni kidude cha kipenyo cha milimita 4 na nusu hadi 5 hivi, na ndani yake mna masizi meusi yenye sumu ya madini ya risasi. Mashine yangu ya kwanza ilinimwagia maelfu yake sakafuni. Ilikuwa na kikombe cha plastiki cha kuzipokea, kimebanwa mbele ya nguzo kwa springi mbili, na kila nilipovuta mpini kwa haraka kidogo, fataki moja katika kila kumi iliruka ukingo wa kikombe ikaenda zake. Nilimaliza kila jioni nikiwa nimepiga magoti, kurunzi mkononi, nikiziokota chini ya kabati, maana masizi yale si kitu cha kuachwa pale mtoto anapotambaa.

Naanza na hilo kwa sababu mashine hizi husifiwa kwa uzito wa chuma chake na kwa idadi ya risasi zinazotoka kwa saa. Mimi nimejaza risasi zangu za kulenga shabaha kwa miaka 11, za rivolva ya .38 Special na za bunduki ya .308. Nimepitia mashine tatu. Kilichoamua ipi ibaki mezani ni mambo madogo ya aina hiyo: fataki ya zamani inakwenda wapi, mkono wangu unahisi nini, na jicho langu linaona nini ndani ya ganda kabla halijafungwa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, ganda linabaki, nalo likitunzwa hujazwa tena mara nyingi. Kazi ya mashine ni kulisukuma ganda hilo ndani ya kalibu za chuma. Kalibu ya kwanza inang'oa fataki ya zamani na kulirudisha ganda lililotanuka kwenye kipimo chake, nyingine inapanua mdomo kidogo, nyingine inaketisha kichwa na kubana mdomo. Katikati ya hayo unapachika fataki mpya na kumimina baruti. Kalibu karibu zote zina uzi wa skrubu wa aina moja, kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo kalibu ya kampuni hii inaingia kwenye mashine ya kampuni ile bila mgogoro. Watengenezaji wangeweza kila mmoja kuja na uzi wake na kutufunga kwake maisha. Hawakufanya hivyo, na nawashukuru kwa dhati.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya hatua moja: tundu moja juu, kalibu moja kwa wakati mmoja. Chuma cha kumimina, fremu ya duara iliyofungwa pande zote, nzito kiasi kwamba niliibeba kwa mikono miwili kutoka kwa aliyeniuzia. Aliitumia miaka mingi kabla yangu, rangi ilikuwa imebambuka pale mkono unapopita, na pistoni yake, ile nguzo inayoinua ganda, ilipanda na kushuka bila kuyumba hata unywele. Kwa ugumu wa fremu sijapata iliyoishinda mpaka leo. Ganda la .308 lina bega na shingo kama chupa, na kulirudisha kwenye kipimo kunataka nguvu. Mimi si mwenye bega pana, nalazimika kusimama na kuuegemea mpini kwa uzito wa mwili. Mashine ile haikulegea wala kulia. Meza ndiyo iliyolia, mpaka nilipoichimbia bolti nne zinazopenya ubao wote na kuweka bamba la chuma chini yake. Mwenye kununua mashine yoyote ya kazi hii aitazame meza yake kwanza. Mashine ngumu juu ya meza laini inakunyima kile ulichoilipia, kwa sababu huwezi tena kujua kama ukinzani unaousikia mkononi unatoka kwenye ganda au kwenye ubao unaopinda.

Pini ya kung'oa fataki niliivunja mara tatu kwa kosa lile lile. Kuna maganda ya aina ya Boxer, yenye tundu moja katikati ya kitako, na ya aina ya Berdan, yenye vitundu viwili pembeni. Pini inalenga katikati. Ikikuta ganda la Berdan inagonga shaba tupu, inapinda, inakatika. (Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer Mwingereza, lakini Marekani ndiko ilikoshika mizizi aina ya Boxer.) Baada ya pini ya tatu nikawa namulika kila ganda kabla ya kuliweka. Hilo halikuwa kosa la mashine. Kosa la mashine lilikuwa lile la kikombe, na jingine la kuchosha zaidi: kila hatua ilitaka kufungua kalibu na kufunga nyingine. Ganda moja la .38 linapita kalibu tatu. Kwa hiyo unafanya maganda 100 hatua ya kwanza, unafungua, unafunga ya pili, unarekebisha, unafanya 100, unafungua tena. Na ile pete ya kushikilia kipimo, ikiteleza robo ya mzunguko tu, kichwa kinakaa chini kuliko jana, na unagundua hilo ukiwa umeshamaliza kumi na tano.

Nilichoka. Nilikuwa pia nafyatua zaidi ya nilivyoweza kujaza. Nikanunua mashine ya mfululizo, mpya, kwenye boksi lake.

Wazo lake ni zuri na nataka nilitendee haki. Chini kuna sahani ya mviringo inayoshika maganda matano kwa pamoja, juu kuna kalibu tano, na kila unapovuta mpini mara moja kila ganda linapata hatua yake, kisha sahani inajizungusha yenyewe kwenda kituo kinachofuata. Ikishajaa, kila mvuto mmoja unadondosha risasi moja iliyokamilika. Siku ya kwanza iliyokwenda vizuri nilijaza risasi 200 kabla ya usiku kuingia, na nilihisi kama nimepewa mikono mingine.

Ila siku kama ile hazikuwa nyingi. Fataki mpya zilishuka kutoka kwenye bomba refu zikapokelewa na kitelezi kidogo, na kitelezi kile kilihitaji usafi ambao sikuwahi kuuona ukitajwa kwenye kijitabu. Chembe moja ya baruti ikikaa njiani mwake, kinakwenda robo tatu ya safari na kurudi mikono mitupu. Ganda linapita bila fataki. Kituo kinachofuata baruti inamiminwa ndani yake, na kwa kuwa kitakoni hakuna kitu, inavujia chini kupitia tundu, inasambaa kwenye sahani, na hapo chembe zinazidi kuwa nyingi kwenye kitelezi. Ugonjwa unajizalisha wenyewe. Nilikuwa nafanya kazi na brashi ya rangi kwenye mkono mmoja. Risasi hamsini, fungua, fagia, futa, funga. Ukihesabu na muda wa kufagia, sikuwa mbali sana na mashine ya zamani.

Kupachika fataki kwenyewe nako kulinisumbua kwa namna nyingine. Fataki inatakiwa ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Ikichomoza kidogo tu, silinda ya rivolva inakwaruza na kukwama. Kwenye mashine ile mvuto mmoja unafanya kazi tano, kwa hiyo mkono unabeba ukinzani wa vitu vitano pamoja, na ule ujumbe mdogo wa fataki kufika chini unapotea ndani yake. Sikuwa nahisi kitu. Nilikuwa napitisha kidole juu ya kila risasi iliyotoka, moja moja, jambo ambalo sikuwahi kulazimika kulifanya kabla.

Halafu ikaja siku ya uwanjani. Nilikuwa kwenye risasi ya tatu. Badala ya mlio ikatoka sauti kama ya mtu kupiga mto kwa kiganja. Mkono haukurudi nyuma. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kukaza tena, kwa mazoea tu, na mzee aliyekuwa akisimamia mstari akapaza sauti nyuma yangu: "Binti, simama! Usifyatue!"

Nikatoa kidole. Akanijia taratibu, akasubiri pamoja nami mtutu ukielekea kwenye tuta, kisha akasema, "Sasa fungua silinda, toa zote." Nikatoa. Akachukua ufito wa shaba wa kusafishia, akauingiza kwenye mdomo wa mtutu, ukafika nusu ukakoma. Kichwa kilikuwa kimelala mle ndani. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma hadi pale. Kama ningefyatua ya nne, kichwa cha pili kingekikuta cha kwanza kimeziba njia, na mtutu ungepasuka karibu na uso wangu. "Umejaza kwa mashine gani?" akaniuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema tu, "Nenda ukazitenge za kundi hilo zote, mwanangu, usifyatue hata moja."

Nyumbani nilizifungua zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, 140 na zaidi, nikimwaga baruti ya kila moja kwenye mizani. Nikakuta nyingine moja tupu. Na nikakumbuka. Kitelezi kilikuwa kimekwama, nikarudisha mpini nusu ya njia ili nikisafishe, nikatoa ganda, nikalirudisha, na sahani ikawa imeshajizungusha hatua moja mbele bila mimi kutambua. Ganda lililokuwa linasubiri baruti likapita kituo chake. Mkono wangu ulikosea, nakubali. Lakini hiyo ni mashine ambayo kukwama kwake ndiko kunakoalika kosa lile, na ilikuwa inakwama kila baada ya nusu saa.

Kinachoniogopesha zaidi ni upande wa pili wa kosa hilo hilo. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa. Baruti za siku hizi zisizotoa moshi huhitaji kiasi kidogo sana, kwa hiyo kipimo sahihi kinakaa chini kabisa ya ganda na juu yake kunabaki shimo. Ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, bado kichwa kinaingia bila tatizo, na kwa nje risasi hiyo haina tofauti na nyingine. Njia ninayoiamini ya kuijua ni moja: kutazama ndani kabla kichwa hakijakaa. Kwenye mashine yangu ile kituo cha baruti kilikuwa kwa nyuma, kivuli cha fremu kikikifunika, na ili kuona ndani ya ganda nilitakiwa kusimama na kuinama kwa kila mvuto. Niliweka taa ndogo ya kubandika. Nikaweka na kalibu ya kengele inayopima kina cha baruti kwenye kituo cha nne, nayo ilifanya kazi yake vizuri. Hata hivyo sikuwa nalala vizuri siku ya kuamkia uwanjani. Mtengenezaji anayekiweka kituo cha baruti mahali ambapo jicho la aliyeketi halifiki hajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Kuna za mfululizo ambazo sahani yake unaizungusha mwenyewe kwa kidole, kama Dillon 550 yenye vituo vinne, na nimekaa nayo mchana mmoja kwa rafiki. Nilipenda kwamba hakuna kinachosogea mpaka wewe umekisogeza. Ila nayo ina sharti lake: ukisahau kuzungusha na ukavuta tena, umemimina mara mbili. Kwa hiyo tunarudi pale pale, kwenye jicho.

Mashine ya tatu, iliyopo mezani sasa, ni ya tureti. Juu ina gurudumu la chuma lenye matundu kadhaa, kalibu zote zimefungwa humo na zimeshapimwa, na unalizungusha kwa mkono mpaka linalia "tak" kwenye nafasi yake. Chini kuna ganda moja tu. Kuzungusha gurudumu zima kwa kila risasi kunawezekana, lakini mimi sifanyi hivyo. Nafanya kama zamani, kwa mafungu ya 50: kalibu ya kwanza kwa maganda yote, kisha natega gurudumu kwenye ya pili, kisha ya tatu. Tofauti ni kwamba sifungui chochote. Kipimo nilichokiweka mwaka juzi ndicho kilichopo leo. Nikitaka .308 kalibu zake ziko upande wa pili wa gurudumu hilo hilo, nabadilisha kishikio cha kitako tu, sekunde kumi.

Fataki napachika kwa kifaa cha mkono, mbali na mashine, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida na miwani ya kinga usoni. Kidole gumba kinasukuma, fataki inaingia kwa ukinzani laini, kisha inagota. Ule mgoto ndio niliokuwa nimeukosa miaka yote ya mashine ya pili. Ganda ambalo mfuko wake wa fataki umeshachoka nalitambua hapo hapo kwa sababu fataki inaingia bila kupinga, na ganda hilo nalitupa. Baada ya hapo maganda yote 50 yanasimama kwenye trei ya mbao, namimina baruti safu kwa safu, halafu nachukua kurunzi na kuimulika trei kwa mshazari. Kina cha baruti kinaonekana kama sakafu moja iliyonyooka. Ganda lililokosa linakuwa shimo jeusi. Lililozidi linainua uso wake juu ya majirani. Namulika mara mbili, mara ya pili kutoka upande mwingine. Dakika moja. Ndipo naweka vichwa.

Si mashine isiyo na dosari. Gurudumu limeshikwa katikati kwa bolti moja, kwa hiyo ukisukuma ganda gumu, upande wa nyuma unainuka kidogo sana. Kwa .38 sioni tofauti yoyote, hasa kwa kuwa kalibu yangu ina pete ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, na ganda linaingia hata bila mafuta. Kwa .308 inanibidi nipime bega la kila ganda la kumi kwa kipimo cha chuma, na nimejifunza kuvuta mpini mpaka mwisho na kuhesabu mbili kabla ya kuuachia. Ukisahau kupaka mafuta maganda ya .308, tureti haitakuokoa wala mashine nyingine yoyote: ganda linanasa ndani ya kalibu, kitako kinanyofoka, na utatoboa kwa drili, utakata uzi, utafunga bolti na kulivuta kwa spana. Nimefanya hivyo mara moja. Sasa naweka kopo la mafuta juu ya boksi la maganda yenyewe ili nisiweze kulifungua bila kulishika.

Na fataki za zamani? Kwenye hii pistoni ina tundu katikati kutoka juu hadi chini, fataki inadondokea ndani yake na kuteremka kwa mrija wa plastiki hadi kwenye chupa iliyo chini ya meza. Tangu niifunge nimeokota sakafuni fataki sita, na zote niliziangusha mwenyewe nikimwaga chupa. Masizi hayagusi nje ya pistoni, kwa hiyo haikwaruziki. Forster Co-Ax, mashine nyingine ya hatua moja, nayo inazipitisha moja kwa moja chini kwa namna yake, na kalibu zake hazifungwi kwa uzi bali zinatelezeshwa kwenye mfereji kwa pete zake. Niliitumia mara mbili na mpini wake wa juu katikati ulinifaa sana. Kama ningekuwa na bunduki ya .308 peke yake, ningeichukua hiyo.

Jambo la mpini linanigusa kwa sababu mimi ni mashoto. Nilipoanza niliambiwa mashine hizi, zenye mpini kulia, zitanitesa. Nimeona kinyume chake. Kuvuta mpini ni kazi ya nguvu tu, mkono wa kulia unaiweza. Kazi ya ustadi ni ya mkono wa kushoto: kulisimamisha ganda kwenye kishikio, kukiweka kichwa wima juu ya mdomo na kukishikilia mpaka kinapoingia kwenye kalibu. Kwa hiyo mashoto mwenzangu, usilipie zaidi kwa ajili ya mpini unaohamishika kabla hujaujaribu wa kulia. Lipia badala yake mpini wa kirungu kikubwa cha mbao au mpira. Wa chuma chembamba ulionichimba kiganja kwenye mashine ya pili uliacha sugu ambayo bado ipo.

Ile ya mfululizo nimeiuza mwezi uliopita kwa kijana anayefyatua 9mm katika mashindano. Nilimwekea kila kitu mezani: kitelezi, brashi, kalibu ya kengele, na zile risasi mbili, moja iliyokwama mtutuni na moja niliyoikuta tupu, ambazo nimezihifadhi kwenye kikopo. Nikamweleza zilivyotokea. Aliuliza maswali mengi kuhusu kitelezi, akakitoa na kukirudisha mbele yangu mara tatu, kisha akainama kuona kama jicho lake linafika kwenye kituo cha baruti. Ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Liliona mpaka ndani ya ganda akiwa ameketi, naye akalipa.